Naandika riwaya ya kuchekesha ya dunia ya kichawi, wasomaji wangu wa Pemba wananisahihisha. Nipeni ushauri

Mwanakusi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye kahawa na ammiminie mwenzake.

Naandika riwaya. Ni ya kichekesho, na yote yanapita katika dunia niliyoitunga mwenyewe: visiwa visivyo na mizizi, vimefungwa kwa kamba hadi chini ya bahari. Kusi likivuma kamba zinakaza, visiwa vinasogea. Siku nyingine mtu huamka akakuta jua linachomoza chooni kwake badala ya ukumbini. Wenyewe wamezoea. Wanacholalamikia ni kuwa kuna ofisi nzima inayolipwa kukagua kamba na haijawahi kulowa maji.

Rasimu niliwapa jamaa waisome. Aliyekuwa Mjini alicheka pale nilipotaka acheke, akanirudishia. Aliyekuwa Wete alinirudishia na maandishi pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Jini wa aina hii hakai mkungu, anakaa mbuyu." "Hapa pamekosa ubani." "Mganga hapokei chochote kabla hajatazamia, hebu kuwa mkweli." Nikamwambia, ami, hiki ni kitu cha kubuni. Akanijibu: "Najua ni cha kubuni. Lakini umebuni makosa."

Nikakaa na jibu lile. Wenzetu wa mbali wanaoandika vitabu vya aina hii wana msomaji ambaye uchawi haumo katika hesabu zake za siku. Mchawi akitokea tu ukurasani, tayari ni ajabu, na mwandishi anaicheza ajabu ile. Msomaji wangu mimi hashangazwi na mchawi. Anashangazwa na mchawi asiyejua kupiga hodi. Basi nikaona kama nataka watu wacheke, kicheko kitoke kwenye adabu na gharama, kwa sababu maajabu yenyewe tumeshayazoea.

Ndiyo maana katika visiwa vyangu uchawi ni maamkizi. Hakuna fimbo wala unga wa kupuliza. Ukitaka kitu kikutii unakiamkia kwanza, na maamkizi yawe kamili: yeye, watu wake, afya, kazi, mvua. Ukiruka kipengele, kitu kinanuna. Na ukimaliza vyote, mara nyingi ile haja yenyewe imeshapita. Kipande cha sura ya saba, Mcha anafukuzwa na walinzi:

*Mcha alifika mlangoni amebakiwa na pumzi moja.*
*"Hodi, mlango."*
*"Karibu," ulisema mlango.*
*"Hujambo?"*
*"Sijambo. Hujambo wewe?"*
*"Sijambo. Bawaba hawajambo?"*
*"Ya juu haijambo. Ya chini tangu kusi haijalala."*
*"Pole yake. Na komeo?"*
*"Komeo kaolewa."*
*"Ala! Lini?"*
*Mlango ukanyamaza kidogo. "Kwani hukualikwa?"*
*Hapo Mcha akajua hatoki.*

Walinzi wanafika, wanakuta watu wamo katika kuamkiana, inawabidi wasubiri. Mmoja anaketi.

Swali langu: nifute kila kinachonusa Unguja na Pemba, ili asije mtu kuniambia mbuyu na mkungu? Au niache?

pweza_wa_nazi

Nimesoma kwenye daladala, "komeo kaolewa" nikacheka peke yangu, mama wa pembeni akahamisha pochi yake.

Mie nasema usifute. Na umtie Popobawa, yule sheitani anayeingia majumbani usiku. Kitabu cha vichekesho cha Zanzibar bila Popobawa ni urojo bila bajia.

Chake_Kwetu

Pweza wewe kijana, bila shaka 1995 ulikuwa hujazaliwa. Sie tulilala nje. Mtaa mzima, wazee, watoto, moto umewashwa katikati, hakuna anayekubali kuwa wa mwisho kusinzia. Kuna vya kuchekesha mle, sikatai. Jirani yetu alitoa nje samadari yake yote pamoja na chandarua, akakataa kulala mkekani kama wenzake kwa sababu ana hadhi. Lakini kipindi kile kuna watu walipigwa kwa kudhaniwa tu kuwa ndiye, na wengine hawakuwa hata na akili timamu za kujitetea. Mwandishi akitaka ile samadari aichukue, nampa bure. Popobawa mwenyewe amwache.

Mwanakusi

@Chake_Kwetu tumeelewana. Popobawa hamo. Samadari naichukua.

Abu_Taqwa

Ndugu, uchawi ni haramu, na kuuandika ni kuutangaza. Tafuta mada nyengine.

pweza_wa_nazi

Sheikh, kitabu kizima mtu anaamkia mlango. Hiyo nayo ni shirki au ni adabu?

Abu_Taqwa

Nimesema langu. Ila huyo mlango alikosea, mgeni haulizwi kama alialikwa.

Bi_Mkungumanga

Mwanangu Mwanakusi, hujambo? Watoto hawajambo? Nakuamkia kamili nisije nikanuniwa.

Mie nimekulia nyumba yenye ngoma za masheitani, bibi yangu alikuwa fundi wa kuziongoza, kwa hivyo nitakwambia nilichokiona, si nilichohadithiwa. Unahangaika kutunga dunia yenye taratibu, na taratibu unazo mlangoni pako. Masheitani wetu wana makabila. Ruhani ni Waarabu, Waislamu, wanataka usafi, udi na marashi, na hawapendi kelele. Kibuki ni watu wa Bukini, yaani Madagaska, Wakristo, wakimpanda mtu kichwani wanataka brandi na nyimbo zao. Rubamba ni wa Pemba. Habeshia ni wa Uhabeshi, na wana kiburi cha kifalme. Kila mmoja na lugha yake, nguo zake, chano chake. Na mwanamke mmoja huweza kuwa nao wawili watatu kichwani, hawapatani hao, na yeye mwenyewe yumo humo humo anataka kwenda sokoni.

Sasa sikiliza panapochekesha, na hapa sikutungii. Sheitani akipanda anadai. Anataka pete. Ya dhahabu. Basi watu wa nyumbani hawatetemeki kama mnavyoandika nyie vijana, wanakaa kitako wanapatana bei! "Bwana mkubwa, dhahabu hatuna, tutakupa ya fedha." Anakataa, ananguruma. "Basi subiri karafuu ziuzwe." Anauliza karafuu mwaka huu vipi. Anaambiwa mvua imeharibu. Anafikiri. Anasema basi fedha, lakini iwe nzito. Nilikuwa mtoto, nimekaa karibu na mlango, nikajiuliza huyu anayetoka mbali vile, mwenye nguvu vile, kwani anajuaje kuwa karafuu zilizoanikwa zikinyeshewa zinaharibika?

Hiyo ndiyo riwaya yako. Usifute kitu. Badilisha majina, acha mapatano.

Mwanakusi

Bi, sijambo, watoto hawajambo, mvua haijatuharibia kitu, shikamoo.

Ile "fedha, lakini iwe nzito" nimeisoma mara kadhaa. Mtoto wa mji angeandika sheitani akikataa katakata, kisha radi. Mapatano ya bei yanamfanya atishe na achekeshe kwa pamoja.

Mwl_wa_Skuli

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, niruhusuni niingie na chaki.

Kwanza, msimwambie kijana huyu kuwa anaiga wazungu, maana naona inakuja. Nchi ya kubuni si ngeni katika lugha yetu. Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951, nchi iliyoning'inia angani, na akaitumia kusema aliyoyaona chini. Ila yeye alikuwa na uzito wa mwenye shauri la kutoa, kicheko kwake kimepita mbali. Nafasi ya dunia ya kubuni iliyo ya mzaha mtupu bado ina mapengo ya kutosha watu wengi.

Pili, vitu kujibizana na watu ni jambo la zamani sana hapa hapa Unguja. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi kwa wenyeji wa hapa, zikachapwa London mwaka 1870, na mojawapo ni ya mwalimu Goso. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa yuko juu anaiba mabuyu, na paa amepandaje mbuyu hakuna anayeuliza, buyu likaanguka likamuua mwalimu. Wanafunzi wanamzika, wanatoka kumsaka muuaji. Wanalikamata kusi, wanalipiga: wewe ndiye uliyeliangusha buyu. Kusi linajitetea: ningekuwa mimi mwenye nguvu, ningezuiwa na kiambaza? Wanakwenda kwa kiambaza. Kiambaza: ningekuwa mimi, ningetobolewa na panya? Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba inakitaja kisu, kisu kinautaja moto, moto unayataja maji, maji yanamtaja ng'ombe, na kuendelea, mpaka wanafika kwa paa. Paa hana la kusema. Ananyamaza. Wanamuua.

Tazameni ilivyotengenezwa. Hakuna hata mmoja katika wale anayesema "mimi ni upepo, nitamuuaje mwalimu kwa makusudi". Wote wanaikubali mahakama ile ya watoto wenye bakora na wanaleta hoja ya kisheria. Uchawi wake uko katika vitu kusema, na kichekesho kiko katika vitu kusema kama mshitakiwa aliyezoea mahakama. Na anayehukumiwa ni yule aliyekosa hoja, ingawa safari hii kwa bahati ndiye kweli. Ukitaka kipimo cha sura yako ya saba, kipimo ni hicho.

Tatu, na hapa ndipo nilipokusudia. Umeandika "ulisema mlango". Kisarufi umepatia na kihadithi umekosa. Kitu kikishasema katika hadithi zetu kina haki ya kuitwa "yeye". Lakini wewe usikiache kijihamie ngeli kimya kimya, hilo litakuwa duka la bure umelifunga. Litumie! Mlango usioamkiwa ni "huu". Ukishaamkiwa ni "huyu". Na mlango akisikia mtu anamwita "huu" baada ya kumjulia hali bawaba zake, afanyeje?

pweza_wa_nazi

Afunge.

Mwanakusi

Mwalimu, umenikosesha usingizi. Nimeandika upya tangu jana na sheria imekaa hivi: katika visiwa vyangu, kitu kikishaamkiwa mara moja kinaingia katika ngeli ya watu, na hakitoki. Hakuna kurudi. Basi watu wana tahadhari kubwa na wanachokiamkia. Ukimwamkia kiti asubuhi kwa kusinzia, humkalii tena, utamkaliaje mtu? Kuna familia katika sura ya tatu, zamani walikuwa matajiri, sasa wanakaa sakafuni katikati ya samani nzuri kabisa, kwa sababu bibi yao alikuwa mwenye tabia njema kupita kiasi na aliamkia nyumba nzima siku ya Idi. Wanakula chini, makochi yanawatazama na yanauliza kuna nini leo.

Samahani, wanawatazama na wanauliza.

Bi_Mkungumanga

Allah! Na unajua kuwa ngomani kiti ni mtu? Yule anayepandwa ndiye tunayemwita kiti. Mwenye kukaa ni sheitani. Kwa hivyo kwetu kiti alishakuwa "huyu" siku nyingi, nyie wa vitabu ndio mnafika.

Mwl_wa_Skuli

Bi, hili sikulifikiria, na miaka yote nafundisha ngeli.

Chake_Kwetu

Mie narudi kwenye swali la kwanza, maana mmelikimbia. Afute au asifute?

Mie nasema afute majina ya mahali, yote. Si kwa kuogopa kusahihishwa. Ni kwa sababu ukiandika Pemba, msomaji wa bara atacheka kabla hujasema kitu. Ameshaletewa Pemba ya wachawi, tayari imepikwa, yeye anataka kupasha moto tu. Nimewahi kukaa kwenye ofisi huko ng'ambo ya bahari, nikisema natoka Chake, mtu ananiomba nisimroge kisha anacheka peke yake. Kichekesho hicho hukukitunga wewe, kwa nini ukinufaishe? Dunia ya kubuni inakupa nafasi ya kumfanya acheke kwa sababu zako.

Lakini masimulizi yetu chukua. Mfano Pujini, hapo kusini-mashariki ya Chake. Kuna magofu ya ngome, na masimulizi yanasema mwenyewe alikuwa Mkama Ndume, mtawala mkali kiasi kwamba aliwafanya watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio. Na pana kisima kilichotiwa ukuta katikati, wanasema ili wake zake wawili wasikutane wakichota maji. Mtu anayeweza kuamrisha mji mzima usote, nyumbani kwake anajenga ukuta ndani ya kisima kwa kuogopa wake zake. Mtunzi gani atakupa hiyo?

pweza_wa_nazi

Yakhe kwani ule ukuta ulisaidia? Sauti si inapita juu ya maji?

Chake_Kwetu

Ndiyo hapo riwaya inapoanza.

Mwanakusi

Chake, hoja yako ya "kabla hujasema kitu" imenikata. Nafuta majina. Hakuna Wete wala Makunduchi, hakuna mbuyu wenye jini wala mkungu. Naacha maamkizi, mapatano ya bei, karafuu nimezigeuza kuwa zao langu mwenyewe linalonuka likishiba jua, na kusi nimelibakisha kwa sababu bila kusi sijui mtu ataingiaje safarini. Ami yangu wa Wete nimempelekea toleo jipya na sharti moja: asahihishe kwa sheria za visiwa vile tu. Amekubali, na jana kanipigia kuwa mlinzi wa sura ya saba aliyeketi, aliketi juu ya nini? Maana mlangoni pale palikuwa na kigoda, na Mcha alipofika alisema "hamjambo nyote".

Mwl_wa_Skuli

Mpe huyo mzee kazi ya uhariri.

Mwanakusi

Nishampa, anataka kulipwa. Tumepatana iwe samaki, lakini wawe wakubwa.

Kisha kuna jambo sijalimaliza, na hapa nawataka kina mama zaidi. Kanga. Katika visiwa vyangu jina la kanga halichapwi kiwandani. Kanga inaandika yenyewe anachokiwaza aliyeivaa, na inabadilika. Sura ya kumi, mke anamkaribisha mama mkwe aliyekuja siku tatu na leo ni wiki ya pili. Anatabasamu, anapakua, anasema "karibu tena mama, ongeza". Nyuma ya mgongo wake kanga inaandika. Mama mkwe hajui kusoma, lakini kaja na mjukuu wa skuli.

Nimeandika mke anageuza kanga ndani nje. Nikaona rahisi mno, mwanamke wa Kiswahili hashindwi kirahisi hivyo. Mngefanyaje nyie?

Bi_Mkungumanga

Kugeuza ndani nje ni kukiri. Mie ningewaza dua. Mfululizo, Kulhuwallahu mpaka wali uishe. Kanga ijae aya tupu, mama mkwe aambiwe na mjukuu, aseme mashaallah mwanangu kaoa mcha Mungu.

Somo_wa_Kikwajuni

Mgeni hapa, nimekuwa nikisoma tu kimya kimya. Bi, dua ni nzuri lakini mtu hawezi kuwaza dua na kukaanga samaki wa mtu asiyempenda kwa wakati mmoja, nimejaribu. Mie ningemvisha mama mkwe. "Mama umeloa, chukua kanga yangu ujifunge." Halafu mjukuu asome.

pweza_wa_nazi

😂😂😂 huyu apewe sura nzima.

Mwanakusi

@Somo_wa_Kikwajuni naomba ruhusa niichukue kama ilivyo. Na mjukuu anasoma nini?

Somo_wa_Kikwajuni

Chukua. Mjukuu asome "Nyumba hii joto, na huyu msichana anapika vizuri kuliko mimi, sijui nitamwambiaje mwanangu." Kwa sauti. Mbele ya mtoto wa kiume.

Bi_Mkungumanga

Hapo kanga nayo itataka kuamkiwa.

Mwanakusi

Sura ya kumi nitaibandika hapa Ijumaa baada ya swala. Mwenye kuona kosa la sheria za visiwa alitaje kwa nambari ya sura, ami anaweka daftari.